Alama ya Tatu

Kilema, 16 Februari

Dada Magdalena mpendwa,

Shikamoo. Wewe na shemeji hamjambo huko Tarakea? Watoto je, wamerudi shule? Sisi tupo, ila kifua cha Mama bado kinamsumbua.

Ulipopiga simu ukauliza mbona migomba ya Mama inakauka, nilikujibu kwamba ni kiangazi. Nilikudanganya, dada.

Hujasahau Ba'mdogo Eliudi alivyong'oa masale yaliyopandwa kuwa mpaka wetu wiki moja tu baada ya kumzika Baba, akajisogeza hadi kwenye mibuni yetu. Mama alilia. Mimi nikasema moyoni, ngoja tu.

Mwaka jana kamati ya mfereji iliniomba programu ya kupanga zamu za maji. Sheria ni ile ile ya wazee: asiyekosa siku ya kuchimba mfereji ndiye anayefunguliwa maji. Katibu hujaza siku ulizokosa. Ukiwa na sifuri, unapata. Ba'mdogo hajagusa jembe miaka mitatu, lakini katibu anamwogopa, humwachia nafasi tupu. Nami kwenye JavaScript, lugha niliyoiandikia hiyo programu, nilikuwa nimelinganisha kwa alama mbili za sawasawa, na alama mbili huhesabu nafasi tupu kuwa sifuri. Basi akawa anamwagilia kwa jasho la wenzake!

Nilipogundua nikaongeza alama ya tatu. Hapo tupu ni tupu, sifuri ni sifuri. Jina lake likatoka kwenye zamu. Nyanya zake zimekauka zote, na nilipita pale makusudi nizitazame. Wee, nilisikia raha!

Juzi alikuja kuomba msamaha na jani la isale mkononi, akasema amekosa, mpaka ataurudisha, anaomba maji. Kwetu isale halikataliwi. Nikalipokea kwa mikono miwili, nikamwambia yamekwisha.

Sasa nikuambie lililonikaa rohoni. Mama naye nafasi yake ni tupu, maana wajane hawachimbi, na nilijua kabla sijaandika ile alama kwamba itamtoa naye kwenye zamu. Ningemwandikia sifuri, lakini orodha hubandikwa ukutani, na Ba'mdogo angedai yake. Kila asubuhi Mama anapandisha ndoo kichwani huku anakohoa, ananiuliza mashine imepatwa na nini. Namwambia naitengeneza.

Isale liko hapa mezani ninapoandika, limeanza kunyauka. Alama sijaitoa.

Msalimie shemeji na watoto. Mama anakusalimu sana, anaomba ukipata dawa ya kifua umletee. Ukija, usimwambie.

Mdogo wako,
Violet