Kwa Mwasi wa Nyumba Hii

Mwanangu mwasi,

Chai yako nimeifunika. Maharage yako jikoni, usiyaache yaungue. Wingu likitanda, anua nguo. Vyombo vya jana bado ni vyako.

Asubuhi ulivyopiga ukunga, "Amekufa! Amekufa!", nilitoka mbio na mwiko mkononi. Jirani naye akaja kutoa pole, akauliza mazishi ni lini. Ningemjibu nini? Kwamba marehemu ni mvulana wa kitabuni, kapigwa risasi juu ya tangi la maji akimbusu mpenzi wake, kitabu cha tatu, karibu na mwisho?

Nikakubembeleza, halafu nikakukumbusha vyombo. Ukanijibu mbele ya jirani eti wewe hutumikii utawala dhalimu! Baba yako chai ikampalia kwa kicheko. Mimi sikucheka.

~~Leo hutoki.~~ Haya, toka, ila vyombo kwanza.

Tena usidhani nasema nisichokijua. Vyote vitatu nimevisoma, pale pale kwenye cherehani, wateja wakisubiri sare zao. Msichana wako wa vitabuni kaiangusha serikali, kagombewa na wavulana wawili, na hakuna hata mtu mmoja aliyemwambia ale, alale au avae sweta. Unajua kwa nini? Mama yake aliuawa mwanzo kabisa wa kitabu cha kwanza. Wewe umemlilia mvulana. Mimi nilimlilia yule mama.

Wako bado yupo, na jioni atakagua masufuria.

Mama
(Utawala Dhalimu)