Mapipa ya Madam Yamerudi Kijani

Matisi, Jumatano, Februari 2006

Kitale nzima hakuna anayejua mwani kunishinda mimi. Ule ukijani wa majini ukisikia nimekohoa tu, unaanza kukua.

Lakini leo sijisifu sana. Madam Nekesa, ninayemchungia mapipa, amekuja kutoka Bungoma kuyaangalia. Wiki jana yalikuwa yameanza kuwa mekundu, na wekundu huo ndio anautaka, autie kwenye chakula cha kuku ili kiini cha yai kipate rangi. Leo amekuta kijani tupu, mapipa yote sita.

"Wewe, langi yangu iko wapi?"

"Rangi, Madam, ama langi?"

Siku zingine hucheka. Leo hakucheka.

Akanieleza tena kwamba mwani ukishiba unabaki kijani. Ukinyimwa chakula na kuchomwa na jua, ndipo unageuka mwekundu. "Kuna kitu uliweka ndani?"

"Mimi? Ati niweke nini, Madam? Si unanijua."

Akakalia ndoo. Halafu akasema basi mbegu ya mwani ndiyo mbovu, kesho asubuhi tumwage yote. Miezi mitano ya kazi yake. Nikatingisha kichwa kukubali, mimi na huu mdomo wangu.

Mbegu haina shida. Niliona ule wekundu nikafikiri ni njaa, vile mahindi ya kwetu hugeuka manjano, nikayatilia mapipa mbolea. Konzi moja kila pipa. Na ameniuliza, nikakataa.