Siku Mama Aliponikataza Hina

Jumatano, 7 Mei
Leo siku ya tisa simu ya mume wangu Mudrick haipatikani. Nimekwenda bandarini, ndiko mtandao unakoshika hapa Mbuchi, nikapiga mara kumi na mbili. Yule dada wa kwenye simu jibu lake ni lilelile. Ningepajua kwao dada huyo ningemfuata! Redio ya Ally wa duka inasema huko Kongo, jeshi lilikompeleka Mudrick, mapigano yamezidi. Nikamwambia azime. Akasema redio ni yake na betri ni zake.

Mimba ina miezi saba. Mtoto anacheza tu, hana habari na baba yake.

Alhamisi, 8 Mei
Barua! Mwenzake wa jeshini, Fikirini, kaja likizo kwao Bungu, kaileta hadi Kibiti, kampa mwenye boti. Bahasha moja, barua mbili. Yangu ni ukurasa mmoja — wanakula vizuri, wanalala vizuri, wako vizuri, nisibebe ndoo. Namjua huyu. Akisema “vizuri” mara tatu ujue kuna jambo.

Ya Mama kaiandika kwa herufi za Kiarabu. Mama mkwe wangu hakwenda shule, alisoma chuo cha Kurani, na hizo ndizo herufi anazozijua. Mimi chuoni nilikuwa mtoro, fimbo za mwalimu zilinishinda, sasa najuta. Naona wadudu tu wanatembea kwenye karatasi. Kurasa mbili, mbele na nyuma.

Mama kaanza kuisoma kasimama. Kamaliza kaketi. Kaikunja ndogo kabisa, kaifunga kwenye pindo la kanga. Nikamuuliza, kasemaje mwanao?
Anakusalimu, kasema.
Kurasa mbili za kunisalimu mimi! Sikuuliza tena. Niliogopa kuuliza.

Jumamosi, 10 Mei
Aibu niliyoipata leo, sijui nitawatazama vipi watu.

Ashura anaolewa wiki ijayo, tukakusanyika kwa jirani yetu Mwantum kupakana hina. Nimekaa mkekani, nimenyoosha mkono, vidole viwili vimeshapakwa, tunacheka — nilihitaji kucheka, jamani, siku zote hizi! Mama kaingia. Hakupiga hodi. Kanishika mkono, kanivuta hadi kwenye ndoo, kaniosha mbele ya wanawake wote kama mtoto aliyeshika mavi.
“Si wakati wake,” kasema.
Mwantum kauliza, Bi Mwanahalima, kulikoni? Tumerudi nyumbani yeye mbele mimi nyuma, nalia kwa hasira. Mama huyu hajawahi kunigombeza tangu niolewe. Leo kafanyaje?

Jumapili, 11 Mei
Wanja wangu haupo. Udi na chetezo havipo. Nimemuuliza Mama, kasema kaazima mtu. Nani anaazima wanja?
Nilitaka kwenda bandarini kupiga simu. Kanikataza, kasema jua kali, kachukua simu kaenda yeye. Hata kuiwasha hajui.

Jumatatu, 12 Mei
Tumehamia shamba, mpunga unaiva na ndege wameanza. Tunakaa juu dunguni, jukwaa la miti la kuamia ndege, Mama anavuta kamba ya makopo, mimi napiga kelele. Katikati ya kelele ndipo nikajua.

Hina hapana. Wanja hapana. Manukato hapana. Kutoka hapana.

Hii ni eda ya mjane. Mama ananikalisha eda bila kuniambia! Na mwenye mimba eda yake huisha akijifungua — ndiyo maana kila asubuhi analitazama tumbo langu.

Ya Rabi. Siwezi kuandika zaidi.

Jumanne, 13 Mei
Nimemuuliza. Sikulala, na alipomaliza tu sala ya alfajiri nikamwambia: Mama, kama mume wangu amekufa niambie sasa hivi, usiniamie kama ndege.

Kalia. Sijawahi kumwona akilia. Kafungua pindo, kanisomea barua, herufi kwa herufi, kidole juu ya karatasi. Mudrick anasema Jumatatu ya tarehe 28 Aprili wanapelekwa mbele. Simu wanaziacha kambini. Akikaa kimya hata siku arobaini, mama asishtuke. Na Mwamini asiambiwe, ana mimba na moyo wake mwepesi.

Moyo wangu mwepesi! Mimi niliyemsukuma yeye apande gari siku ile anaondoka, miguu inamgoma!

Basi hajafa, nikasema. Mama kasema hajui. Nikasema sasa eda ya nini, Mama? Unanikalisha msiba wa mtu aliye hai? Huo si uchuro?

Ndipo kanieleza. Kumbe kabla ya baba yake Mudrick aliolewa na mwingine, miezi mitano tu. Mwanajeshi, alikwenda vita vya Kagera. Yeye akaenda harusini Mohoro, kajipamba, hina mpaka viwikoni, anacheza. Habari ikamkuta hapohapo ukumbini. Mumewe alikuwa na siku ishirini na mbili chini ya udongo. Wanawake wakamtazama mikono. Kasema hakumbuki nani alimpa habari, anakumbuka walivyomtazama mikono. Hina haitoki kwa kusugua. Alikaa msibani nayo, akapokea watu nayo. Wiki mbili baadaye ikafika barua ya marehemu, inamwambia ajipambe, anakuja.

“Nimeogopa, mwanangu. Sikutaka yakukute yaliyonikuta.”

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Nimemkumbatia, tumbo limetukaa katikati. Lakini hofu ile sasa ni ya watu wawili, wala haijapungua.

Jumatano, 14 Mei
Mama kanirudishia wanja. Sijapaka. Nimeushika, nikauweka. Sasa mimi mwenyewe naogopa.

Alhamisi, 15 Mei
Saa nne asubuhi. Niko dunguni peke yangu, naandika upesi.

Boti imekuja si siku yake. Mwenyekiti Mustapha kapita juu ya tuta na kijana mrefu, kaita kwa sauti: Bi Mwanahalima, una mgeni, Fikirini wa Bungu! Mama kaniambia nisishuke, kashuka yeye.

Barua ya kwanza aliituma kwa boti. Leo kaja mwenyewe. Kwa nini kaja mwenyewe?

Wamesimama mbali, siwasikii. Fikirini kavua kofia. Labda joto. Labda adabu tu. Mleta msiba humwita mkubwa kwanza. Na mleta barua naye humwita mkubwa kwanza. Sasa nitajuaje?

Anaongea. Mustapha anatazama chini. Fikirini katia mkono mfukoni — kanipa mgongo, sioni anatoa nini. Mama anatikisa kichwa. Kutikisa gani huko? Geuka, Mama, nikuone uso!

Ndege wameshuka kwenye mpunga, wengi, wanakula. Hakuna anayewafukuza.

Mama ananiita.

Nikiendelea kuandika nisishuke, bado ni mke wa mtu.

Ananiita mara ya pili.