Masikio ya Rangi ya Chungwa

Jumapili, tarehe 3 Novemba

Kwako Shangazi,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, na naliandika kabla ya salamu, maana nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Yale masikio ya kuvaa ya mdogo wangu Karani hayakutupwa dirishani. Ninayo mimi.

Sasa shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na Bibi, mguu uliopasuliwa umeanza kukanyaga? Sisi hatujambo, ila tumechoshana.

Nakuandikia barua kwa sababu simu ni ya Mama, na kila ujumbe anausoma kwa sauti kama taarifa ya habari.

Unakumbuka Aprili, tulipokuwa tunakuja kwako tukashuka njiani tukarudi. Uliambiwa Karani alivua masikio yake akayatupa nje ya basi, kisha akapiga kelele hadi kondakta akasema, "Mama, mtulize mwanao au mshuke." Hayo ya kondakta ni kweli. Kituo cha pili walipanda wasichana wawili wa darasa langu. Karani, miaka saba, amevaa yale madude ya rangi ya chungwa ambayo Baba alimletea kutoka kiwanda cha mbao, wanayovaa watu wa msumeno kuzuia kelele, na anahesabu viti kwa sauti. Niliwaona wakitazamana. Nikamvua, nikayatia mkobani mwangu, nikamwambia, "Dakika tano tu."

Dereva akapiga honi. Redio ikafunguliwa. Mtu wa nyuma yetu akajipulizia marashi. Karani akaingia chini ya kiti akilia kwa namna ile ambayo si kulia. Mama alipouliza masikio yako wapi, mimi nilitazama dirisha. Nilitazama tu, Shangazi. Mengine Mama alijimalizia mwenyewe.

Karani anajua kuhesabu hadi elfu, lakini kueleza jambo lililompata hawezi. Kwa hiyo kosa limebaki kwake. Mama anasema hamtafutii mengine, atayatupa vilevile. Na Desemba tunakuja kumwona Bibi, ila Karani atabaki siku sita kwa jirani, mwenye redio mbili, watoto wanne na jogoo asiyejua saa. Mwalimu wake alishamweleza Mama hali ya Karani kwa lugha ya shule, jina refu la kupendeza. Mama akasema, "Jina zuri. Sasa nimfanyeje?"

Naomba unisaidie asafiri. Mama usimwambie. Nijibu kwa anwani ya shule.

Ni mimi mwanao.


Tarehe 14 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni ule ule, cherehani ndiyo ile ile. Bibi yako anatembea kwa fimbo na kutwa kugombana nayo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Miezi saba mtoto anabebeshwa kosa lako. Nimekasirika hadi nimeshona mfuko wa suruali ya mtu kichwa chini.

Haya, safari. Nina mteja mwenye binti kama Karani, na kila mwezi wanapanda basi kwenda kliniki. Anasema mpande basi la kwanza la asubuhi, kabla stendi haijachangamka. Mkae mbele, mbali na spika. Mchoree safari nzima kabla ya safari: stendi, mlango, kiti, pale mtakaposimama kujisaidia. Apewe kikombe chake, chakula anachokijua, na shuka lake la nyumbani ajifunike kichwa akitaka. Asipotaka kuongea asiulizwe maswali. Mimi nimemshonea hili shati lisilo na lebo, mishono yote nje. Watakaosema amegeuza nguo, waache waseme, safari ni ndefu na midomo ni yao.

Masikio mengine ningeweza kununua, duka la vifaa linatazamana na meza yangu. Sinunui. Yapo. Mwambie mama yako kwa mdomo wako. Mimi ni shangazi yako, si kabati la kufichia.

Shangazi yako.


Tarehe 26 Novemba

Shangazi,

Shikamoo. Poleni na kazi, na Bibi mpe pole ya fimbo. Shati amelipenda, siku ya tatu hii hajalivua, na harufu nayo inajitahidi.

Nimefanya yote. Nimechora basi kurasa nane. Sebuleni nimepanga viti safu nne, Baba dereva, mimi kondakta. Karani akakataa kupanda: basi lina safu kumi na mbili. Nikaongeza vigoda, ndoo na sanduku la vifaa vya Baba. Akapanda, akakaa safu ya tatu, akatoa tiketi ya karatasi. Mambo yalikuwa mazuri hadi Baba, kwa kunogewa na udereva, akapiga honi kwa mdomo. Ikabidi tumtoe Karani chini ya meza kwa nusu saa. Baba akasema, "Hata mabasi ya kweli hupiga honi." Nikamwambia, "Baba, tafadhali shuka kwenye basi langu."

Pamba anaitoa masikioni. Kitambaa cha kichwa kinamkwaruza. Juzi tulipanda basi la kweli mpaka kituo cha pili, akastahimili dakika tatu. Mama akasema, "Umeona? Huyu si mtoto wa safari. Na mimi nimechoka kutazamwa." Alisema hivyo ameinamia sinki, sikuuona uso wake.

Najua unachouliza. Sijamwambia. Kila nikitaka kusema, ana kitu mkononi: sufuria, ufagio, simu. Nangoja awe mikono mitupu.

Karani naye ana jambo jipya. Kila nikirudi shule anakuja mbele ya mkoba wangu, anaugusa kwa kidole kimoja, anaondoka. Mama anafurahi, anasema mtoto anapenda shule.

Mwanao.


Tarehe 4 Desemba

Mwanangu,

Tuko salama, na salamu za leo ni hizo tu.

Mama yako amenipigia. Jumamosi anakwenda kukata tiketi. Nikamuuliza ngapi, akasema tatu. Bibi alikuwa kando yangu, akasema, "Tatu? Na Karani wangu?" Nikajifanya uzi umekatika. Umeshaniingiza kwenye uongo wako miguu yote miwili, mtu mzima mimi.

Mikono ya mama yako haitakuwa mitupu. Unangoja nini, astaafu umama? Sema akiwa na sufuria.

Shangazi.


Jumamosi, tarehe 7 Desemba

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini Bibi hajambo. Barua yako niliipata jana.

Tangu asubuhi Mama anafoka: viatu, vyombo, foleni ya tiketi. Nitasema kweli, Mama ana mdomo kama king'ora, na ningekuwa Karani ningeyavaa masikio hapa hapa nyumbani.

Jana jioni niliyatoa mkobani nione kama bado ni mazima. Karani akaingia. Hakushangaa. Hakuninyang'anya. Akanyoosha kidole, akasema, "Mkoba wa Dada haufunguliwi." Ni sheria yangu hiyo, nilimfundisha mwenyewe mwaka jana alipochana daftari langu, nikamrudisha mlangoni mara ishirini hadi ikamkaa.

Kwa hiyo alijua. Miezi minane alijua yalipo. Alikuwa anakuja kila siku kuugusa mkoba na kungoja niufungue mimi.

Nikamvalisha. Akafumba macho, mabega yakashuka. Nilidhani amelala amesimama, kumbe midomo inahesabu. Alipofika mia tatu akayavua, akaniwekea mkononi.

"Dakika tano," akasema, akaondoka.

Usingizi wangu nisikusimulie. Sasa yako mezani, katikati, nimeyapangusa vumbi. Nasikia ndara za Mama koridoni, anakuja kuniita twende stendi. Funguo zinalia, na ameshika mfuko wa sokoni, nausikia unavyochakarika. Mikono imejaa kama kawaida yake.

Karatasi hii naisukuma chini ya daftari la hesabu, kwa ajili ya lile neno la king'ora. Masikio siyagusi. Anasukuma mla—