Sindano ya Mkubwa

Murau, mwanzoni mwa Septemba

Mdogo wangu mpendwa Gerlinde,

Salamu tele kutoka nyumbani. Unaendeleaje huko hospitalini kwenye mazoezi ya viungo? Mimi ni mzima, na kuku wako wazima pia, isipokuwa jogoo, ambaye nimemla. Najua mikono yako bado haijaamka, kwa hiyo anayekusomea ni shemeji Engelbert. Shemeji, hujambo? Soma yote, usiruke mstari.

Hapa kijijini habari ni wewe tu. Kila nikienda kununua mkate naulizwa imekuwaje kupe mmoja akuangushe hivyo, mtu unayechanjwa miaka yote. Engelbert ndiye aliyewatia wasiwasi. Anawaambia chanjo ya homa ya ubongo inayoletwa na kupe ni utapeli, maana sindano ya nyongeza mlichomwa siku moja, huu ni mwaka wa nne, na nyongeza hukaa mitano. Kweli hukaa mitano, kwa walio chini ya sitini. Aliyevuka sitini kinga yake huchoka mapema, hivyo hurudi kila baada ya mitatu. Hilo shemeji analijua vizuri, maana ndiye aliyenikumbusha mimi.

Ilikuwa Aprili, jikoni kwenu, tunakula madonge ya viazi. Akasema wiki hiyo daktari anawachoma waliovuka sitini, akanirushia koti. "Haya bibi kizee, zamu yako hiyo. Sisi vijana bado." Ulicheka mpaka ukafuta machozi. Nikaenda. Nesi akatazama kadi yangu, akasema mimi bado, akauliza kama nyumbani yupo mwingine ambaye zamu yake imefika. Niliporudi nilikuvuta kwenye banda la kuni nikakueleza. Ukanibana mkono. "Nyamaza wewe, utanivunjia nyumba." Nikanyamaza. Juni ukaingia msituni kuchuma uyoga, umevaa kaptula ya kisichana.

Ningeendelea kunyamaza. Lakini Jumapili nilikuja kukulisha supu, na kijiko kikiwa mdomoni mwako Engelbert akaniambia, "Dada, usinielewe vibaya. Ingekuwa wewe, tungelia tukazoea, umri wako umekwenda. Lakini huyu mtoto?" Nikakutazama. Mikono imekufa, ila shingo yako inafanya kazi, Gerlinde. Uliitikia kwa kichwa. Iliniuma sana, na bado inaniuma.

Basi shemeji, usimtukane tena daktari. Sindano haikukudanganya. Ukimwomba Gerlinde mkaandikishe ndoa hukwambia mapenzi hayahitaji karatasi. Karatasi ina tarehe ya kuzaliwa, ndiyo maana. Hata hospitali nilimwandikisha mimi ili usiione, ukadhani nakusaidia. Miaka yake aliivua akanivika mimi, siku ile ile aliyokuleta nyumbani. Mimi nina hamsini na tano. Sitini na miwili ni yake. Alipoanza shule, mimi nilikuwa bado sijazaliwa.

Sina mengine. Mazoezi fanya kwa bidii, na usilie, kwa sababu huna mkono wa kufutia. Supu nitaleta Jumapili, hasa ikiwa msomaji wako hatakuja.

Shikamoo, dada.

Mimi mdogo wako,
Roswitha