Kasha la Vitabu Lililokosea Mlango

Mwaka umetimia, Mama Maktaba, tangu utuondokee, na mumeo ameomba tuanze kwa kukiri kwa niaba yake: siku ile ya kasha la vitabu, mjinga alikuwa yeye.

Ulikuwa umeteguka mguu, ukamtuma akupelekee kasha kwenye maktaba yako ya sekondari. Njiani akafunua kuchungulia. Akakuta bata, viboko na mwezi wenye macho. Fundi friji mwenye uzoefu wa miaka ishirini na mbili, anayetambua waya mbovu kwa kunusa tu, akaamua kwamba mkewe amechanganya shule. Akageuza baiskeli, akalipeleka chekechea ya jirani. Akapigiwa makofi na watoto arobaini, akarudi nyumbani kifua mbele.

"Nimekuokoa na aibu," akakwambia. "Wale wa kidato cha tatu wana ndevu!"

Hukugomba. Ulicheka mpaka ukashika ukuta, kisha ukachechemea mwenyewe kwenda kuvifuata. Ukavikuta vyote, ila kiboko mmoja keshapakwa rangi ya zambarau kuanzia masikio mpaka mkia.

Ndivyo ulivyokuwa. Ulivaa miwani puani, nyingine kichwani, na bado ukaulizia ya tatu. Aliyechelewesha kitabu hukumfokea. Ulimuuliza amefika ukurasa wa ngapi. Na kila Jumatano, baada ya vipindi, uliwakalisha vijana mkekani, ukawafungulia kitabu cha picha taratibu.

"Mwalimu, ndiyo tumerudishwa chekechea?" walikutania.

"Ndiyo. Atakayelia atapewa maziwa."

Sheria yako ilikuwa moja: hakuna anayelazimishwa kujieleza. Mtazame aliyechorwa, useme ana nini.

Binti wa mdogo wako, uliyemchukua mama yake alipofariki, alikuwa ametimiza miezi saba kwetu akisukuma sahani pembeni. Sketi yake ya shule ulishaikaza kwa pini mara mbili. Mumeo, baba yake mkubwa, alimuuliza ana nini, akambembeleza, akamfokea, akafikia hata kumwimbia. Sahani ikarudi jikoni vilevile.

Jumatano ile baba mkubwa alikuwa juu ya ngazi, akitengeneza feni ya maktaba, adhabu uliyompa kwa lile kasha. Ukafungua ukurasa wa kiboko wa zambarau. Amekaa mbele ya bakuli lililojaa, haligusi. Ukauliza ana nini. Mmoja akasema anaumwa. Mwingine akasema anaringa. Wa tatu akasema hata yeye angepakwa rangi ile angesusa chakula. Wakacheka. Binti, naye akiwa mkekani, akasema bila kuinua macho:

"Anaogopa akishiba, watu watasema ameshamsahau mama yake."

Bisibisi ikamponyoka baba mkubwa. Wewe ulisogea tu ukakaa karibu na binti, na mkeka mzima ukamtazama kiboko mpaka kengele ikalia. Nyumbani alikula nusu sahani, nawe ukajifanya unatafuta miwani usije ukaonekana unamtazama.

Tunaokukumbuka ni mumeo. Binti wa mdogo wako, ambaye sasa ndiye anayefungua kitabu kila Jumatano. Kaka zako wawili. Mama mkwe wako, anayekusifu siku hizi kuliko ulipokuwa ukimsikia. Pamoja na vijana wote wa mkekani. Mioyoni mwetu hutoki, leo wala kesho.

Neno la mwisho tunakuachia wewe, maana ndivyo ilivyokuwa siku zote nyumbani. Siku ile, binti alipokwenda kuosha sahani yake, mumeo alijaribu kujikosha:

"Kumbe ni hilo tu? Si ungemuuliza moja kwa moja, bila kuhangaika na viboko?"

"Fundi, wewe umemuuliza miezi saba. Alikujibu nini?"