Pilipili ya Kopo na Mti wa Baba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi mahali pako pa asubuhi, mgongo umetulia na kikohozi kimekuachia. Mimi ni mzima, nakula, nalala, miguu inavimba kidogo tu kwa sababu ya kusimama. Dada, wewe unayemsomea, shikamoo na wewe. Nakuomba usiruke mstari hata ukiona aibu kwa niaba yangu, na usiigize sauti yangu, maana nakujua.

Baba, umenijulisha kwamba begi umeshalifunga na kwamba wiki mbili zijazo utapanda basi uje uketi chini ya mti wako. Daktari amesema macho yamebaki na mwanga wa kutofautisha mchana na usiku tu. Wewe ukasema haidhuru, kivuli hakihitaji macho, utakijua kwa ubaridi wa usoni. Maneno hayo niliyasoma nikiwa nimesimama ngazini, nikakaa. Nina jambo la kukuambia kuhusu huo mti, na huenda ukilisikia utafungua begi na kurudisha nguo kabatini. Litafika. Niache nizunguke kidogo kwanza, unajua sijawahi kwenda mahali kwa njia ya mkato.

Kazi bado ni ile ile ya duka la dobi. Mwenye duka ameleta pasi ya pili ya mvuke, kwa hiyo mvuke umekuwa mara mbili, na mimi naota mara mbili. Napiga pasi kola, kisha mikono, kisha mgongo wa shati, na nikifika hapo mgongoni, kwenye ile nafasi nyeupe na pana, akili inaondoka. Naona uwanja uliofagiliwa. Naona majani yanacheza juu ya kitambaa, madoa ya jua na ya kivuli yakisogea taratibu, na mtu amesinzia kwenye kiti. Mwenye duka huniamsha kwa kuniuliza kama nimechumbiwa na hilo shati. Wiki iliyopita niliibandika namba ya suti ya bwana harusi kwenye mashuka ya nyumba ya wageni. Bwana harusi alikuja mbio, na mengine sitaki kuyaeleza.

Chumba ni kile kile cha ghorofa ya mwisho. Mlango wake wa nyuma unatokea juu ya paa la zege, penye tangi la maji na kamba za nguo. Huko ndiko iliko pilipili yangu. Utakumbuka siku ninaondoka nyumbani, ulinipa mche wa mti wa kivuli umeuviringishia gunia bichi, na mimi pale stendi nikanunua mche wa pilipili ili wako usione upweke safarini. Ulicheka, ukasema hivyo viwili havilelewi pamoja. Miaka thelathini kwenye kitalu cha miche haikukupa subira ya kuona mtu akikosea, ukanieleza yote huku basi linapiga honi.

Pilipili, ulisema, inataka jua la kutwa nzima, na kopo tu linaitosha mradi litobolewe chini. Inataka maji kidogo kila asubuhi, na ichumwe mara kwa mara, maana usipoichuma inadhani kazi imekwisha. Kwa miezi michache inakupa matunda, na baada ya miaka miwili mitatu inakuaga. Mti wa kivuli unataka ardhi. Hilo ulilirudia. Unataka shimo pana kuliko unavyodhani, na maji mengi yamwagwe polepole mara moja kwa wiki ili mizizi iyafuate chini, halafu uachwe. Usifungwe kwenye fimbo muda mrefu, upepo uutikise upate kiuno. Na usitazamwe kila siku, ulisema, unaona haya. Nilidhani unanitania, lakini uso wako haukucheka.

Pilipili imenitii sana. Niliyo nayo sasa ni kama kitukuu cha ile ya stendi, na imezaa hadi matawi yameinama. Jirani wa ghorofa ya chini huja kuomba mbili akaondoka na kumi, na huniachia maneno ya mjini yasiyopungua kumi pia. Asubuhi jua likigonga tangi, zile nyekundu zinawaka, nami hukaa hapo na kikombe cha chai nikisahau kwamba kuna kazi.

Na mti? Nimekuandikia barua kumi na nne kuhusu mti. Ya kwanza nilisema nimepata kiwanja, nimekipima kwa hatua, kumi na tisa kwa ishirini na tatu, na mti nimeupanda upande wa jua la mchana. Ya tano ulikuwa umenifika begani. Ya tisa ulikuwa umechanua, nawe ukajibu kwamba ni ajabu kwa umri wake, ila kila mti una moyo wake. Ya kumi na mbili ulikuwa umepita paa na ndege wamejenga. Dada amenieleza kwamba barua hizo husomwa tena na tena, na kwamba tangu macho yalipoanza kuondoka umezifanya ndiyo dirisha lako.

Baba, kiwanja hakipo. Nilikiona kweli. Nilisimama ndani yake jioni moja, nikapima, nikaona nyumba, nikakuona wewe kwenye kiti, nikarudi chumbani nikakuandikia kama vile nimekwisha kukipata. Wiki iliyofuata kilichukuliwa na mtu mwingine. Wakati huo ulikuwa umeshajibu kwa furaha ambayo sijawahi kuiona kwenye mwandiko wako, na sikuwa na ubavu wa kuizima. Mti wako uko juu ya paa, ndani ya ndoo ya rangi, jirani na kopo la pilipili. Ni mwaka wa sita. Unanifika kiunoni. Yale maua yalikuwa ya pilipili. Nilikuwa nikiitazama pilipili na kukuandikia mti, na mti wenyewe nikaulea kama pilipili, maji kidogo kila asubuhi, kwa kuwa ndoo haipokei zaidi. Mizizi imezunguka humo ndani mpaka imetokeza kwenye tundu la chini ikitafuta, na chini ni zege.

Wala hilo silo baya zaidi. Uliposema kivuli hakihitaji macho, Baba, nilifurahi. Nisamehe. Karibu na duka letu kuna fundi wa pancha mwenye mti mkubwa uwanjani kwake, na nilimwendea nikamwomba nikukalishe hapo siku moja, nikuambie ndio wako. Akakubali, hana maneno mengi. Nikaketi mahali utakapoketi, nikafumba macho, nikasikia ubaridi wake usoni, na ulikuwa mzuri mno. Fundi akaendelea kuziba tairi lake, kisha akaniuliza mzee akinishukuru nitamwitikia nini. Nilikwenda zangu kazini nikaunguza mashati mawili.

Nimeona aibu ya kukudanganya ukiwa unaona, nikajiandaa kukudanganya kwa sababu huoni. Hilo ndilo lililonilaza macho wazi, na ndilo ninalokuomba radhi.

Yule fundi amenipa kona ya nyuma ya uwanja wake, kule mti wake usikofika, ardhi tupu isiyo na hata jani. Shimo nimelianza Jumapili, nimelifanya pana. Mti sijauweka. Sijui kama mizizi iliyozoea kuzunguka inaweza kufundishwa kushuka, lakini mikono yako ikiipapasa itajua. Ukikasirika usije, una haki, nami nitakuja huko kupokea maneno yangu ana kwa ana.

Nisalimie Mama, mwambie nimepata kitambaa alichotaka. Wabusu watoto wa Dada. Dada, umesoma mpaka hapa, ahsante. Sasa mpe maji anywe kabla hajasema lolote.

Basi linaingia saa sita mchana, jua la utosi. Nitakuwa stendi nakusubiri. Ukija, Baba, njoo na kofia.

Ni mimi mwanao,
Kitindamimba